Cheti cha SIL 2 kwa transmita ya tenki la mafuta: mwongozo kamili kwa anayetengeneza kifaa mwenyewe

Swali ninaloletewa na wahandisi huwa ni lile lile: "Kifaa chetu tumekijaribu miezi sita, hakijakosea hata siku moja. Mbona mkaguzi ameturudishia faili?"

Faili limerudi kwa sababu mkaguzi hakuuliza kama kifaa kinafanya kazi. Alitaka kujua kitaharibika vipi, nani atajua kimeharibika, na ninyi mlikuwa mnaandika nini wakati mnakitengeneza. Timu nyingi hutengeneza kwanza, halafu hukaa wiki mbili kabla ya ukaguzi kutunga nyaraka za miaka miwili iliyopita. Mkaguzi mzoefu huona tarehe tu akajua.

Mwongozo huu unafuata kiwango cha IEC 61508, toleo la 2010, ambacho ndicho mama wa viwango vya usalama wa kiutendaji, yaani usalama unaotegemea kifaa kufanya kazi yake sawasawa. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: transmita ya 4–20 mA inayopima kiwango cha petroli kwenye tenki na kukituma kama mkondo wa umeme (4 mA tenki tupu, 20 mA limejaa), ili pampu izimwe kabla tenki halijafurika. Lengo ni SIL 2, yaani daraja la pili kati ya manne ya uhakika wa usalama (Safety Integrity Level). Anayetengeneza kifaa cha boila au cha mashine atapita njia hii hii, ila atabadilisha baadhi ya majibu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kiwango chenyewe, sehemu ya 1, 2, 3 na 4. Ya 1 ni usimamizi, ya 2 ni vifaa, ya 3 ni programu, ya 4 ni maana ya maneno. Sehemu ya 5 hadi 7 ni maelezo ya kusaidia. Nunua nakala halali, maana muhtasari wa mtandaoni hauna majedwali, na kazi yote imo kwenye majedwali.
- Michoro ya saketi na orodha kamili ya vipuri, yenye namba ya mtengenezaji wa kila kipuri.
- Chanzo kimoja cha viwango vya hitilafu za vipuri. SN 29500 ya Siemens inatumika sana. Usichanganye vyanzo viwili ili kuokota namba nzuri kutoka kila upande.
- Mfumo wa kutunza matoleo, mfano Git, kwa msimbo na kwa nyaraka pia.
- Mtu aliyesomea usalama wa kiutendaji, na mtu wa pili asiyehusika na usanifu atakayehakiki. Mhandisi hajihakiki mwenyewe.
- Muda. Kwa kifaa chenye mikrokontrola, mwaka mmoja hadi miwili ni jambo la kawaida. Bosi akisema miezi mitatu, mwonyeshe orodha hii.

Tahadhari moja: cheti hiki si alama ya ubora ya TBS wala KEBS, na si cheti cha vifaa vya mazingira ya mlipuko chini ya IEC 60079. Transmita ya petroli itahitaji hicho cha mlipuko pia, kwa faili lake na majaribio yake. Nimeona watu wakipeleka cha mlipuko mahali palipoombwa cha SIL, wakashangaa kukataliwa.

## Hatua ya 1: Andika kazi ya usalama kwa sentensi moja

Kabla ya mchoro wowote, andika kifaa kinamlinda nani na nini, kwa kufanya nini, ndani ya muda gani. Kwa mfano wetu:

*"Transmita itatoa mkondo unaolingana na kiwango cha mafuta kwa kosa lisilozidi asilimia 2 ya kipimo chote, ikigundua hitilafu ndani yake, itashusha mkondo hadi 3.6 mA au chini ndani ya sekunde 10."*

Mambo manne hukosekana kwenye mafaili mengi: usahihi wa kiusalama, hali salama na muda wa kugundua, ambayo yamo kwenye sentensi hiyo, na mwelekeo wa hatari, ambao uuandike chini yake. Hilo la mwelekeo ndilo husahaulika zaidi. Kwenye tenki linaloweza kufurika, hatari ni transmita kusema mafuta ni machache kuliko yalivyo. Kwenye boila inayoweza kukaukiwa, hatari ni kusema maji ni mengi kuliko yalivyo. Kifaa ni kile kile, na kipuri kilichoharibika ni kile kile, ila kwa mmoja hitilafu ni ya hatari na kwa mwenzake ni salama.

Andika pia kama kifaa kitaitwa kazini mara chache au mara nyingi. Kizuizi cha kufurika kinachohitajika si zaidi ya mara moja kwa mwaka huhesabiwa kwa PFDavg, yaani uwezekano wa wastani wa kushindwa kinapoitwa. Kwa SIL 2 namba hiyo iwe kati ya 0.001 na 0.01.

Msiidharau hatua hii kwa sababu ni ya karatasi. Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza ilichambua matukio 34 ya mifumo ya udhibiti iliyoshindwa, ikakuta asilimia 44 chanzo chake kikuu ni maelezo mabovu ya kile mfumo ulichotakiwa kufanya, kabla fundi hajagusa waya.

Utajua umemaliza pale mtu asiye wa timu yenu akiisoma sentensi hiyo anaweza kubuni jaribio la kuipinga.

## Hatua ya 2: Chagua taasisi ya uthibitishaji mapema

Taasisi kama TÜV Rheinland, TÜV SÜD na exida zinajulikana kwa wanunuzi wa mafuta na gesi. Jina pekee halitoshi. Uliza ina ithibati ya ISO/IEC 17065, na kwamba IEC 61508 imo ndani ya wigo wa ithibati hiyo. Shirika linalotoa ithibati, mfano DAkkS la Ujerumani au ANAB la Marekani, huweka wigo huo hadharani. Usipoangalia, utauziwa mbuzi kwenye gunia: karatasi ina nembo nzuri, lakini mnunuzi akiifuatilia hakuna kitu nyuma yake.

Omba mapitio ya dhana kabla ya kutengeneza bodi. Wapelekee sentensi ya hatua ya 1, mchoro wa visanduku, na mpango wenu. Kosa la usanifu likikamatwa hapa linagharimu mchana mmoja wa kuchora upya. Likikamatwa baada ya majaribio, linagharimu bodi, majaribio na uso wa kumtazama mteja.

## Hatua ya 3: Mpango wa usimamizi wa usalama

Hii ni nyaraka fupi, kurasa kumi hivi zinatosha timu ndogo. Inataja nani anafanya nini na ana sifa gani, nyaraka zipi zitatoka kila hatua, nani anahakiki, na mabadiliko yanaidhinishwaje.

Usinakili mpango wa kampuni kubwa. Timu ya watu watano iliyoandika kwamba ina "kamati ya usalama inayokutana kila mwezi" itaombwa kumbukumbu za vikao hivyo vyote. Andika mnachoweza kufanya, kisha mkifanye.

## Hatua ya 4: FMEDA, kipuri kwa kipuri

Hapa ndipo wengi wanaanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

FMEDA ni jedwali. Kila kipuri kwenye saketi kinapewa mistari yake: kinaweza kuharibika vipi, kila namna ina mgao gani wa hitilafu zake, matokeo ni nini kwa mkondo unaotoka, na je, kifaa chenyewe kinagundua? Kipimo ni FIT, yaani hitilafu moja kwa saa bilioni moja. Kila mstari mwishowe unaingia kwenye kapu moja:

- hitilafu salama;
- hitilafu ya hatari inayogundulika (λDD; λ ni alama ya kiwango cha hitilafu);
- hitilafu ya hatari isiyogundulika (λDU);
- isiyo na athari, ambayo tangu toleo la 2010 hairuhusiwi kuongeza alama zako.

Tuchukue rizista moja tu, ile inayopima mkondo unaotoka. Saketi huongeza au kupunguza mkondo mpaka volti kwenye rizista hiyo zilingane na zinazotakiwa.

Rizista ikikatika, mkondo unashuka chini ya 3.6 mA. Kwa pendekezo la NE 43 la NAMUR, jumuiya ya watumiaji wa vifaa vya udhibiti viwandani, chumba cha udhibiti kinausoma huo kama ishara ya hitilafu. Hatari, lakini inagundulika.

Ikishoti, mkondo unapanda kupita 21 mA. Nao unasomeka kama hitilafu.

Thamani yake ikishuka nusu, mkondo unakuwa maradufu. Tenki linaonekana limejaa kuliko lilivyo, pampu inazimwa mapema. Mteja atanuna, lakini kwa tenki letu hii ni salama.

Thamani ikipanda maradufu, sasa tuna kesi. Panapotakiwa 16 mA zinatoka 8 mA. Tenki lililojaa robo tatu linaonekana limejaa robo. Namba 8 iko ndani kabisa ya kipimo halali, hakuna kengele, na lori linaendelea kushusha. Hii ni ya hatari isiyogundulika, na ndiyo FMEDA inayoisaka.

Dawa yake ni kuusoma tena mkondo kwa rizista ya pili na njia ya pili ya kupimia, kisha mikrokontrola ilinganishe ilichoagiza na kilichotoka. Vikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 2, ishuke hadi hali salama. Ukitumia rizista ile ile kujikagua umempa mwizi kazi ya ulinzi.

Tuone hesabu, kwa namba za mfano. Kabla ya usomaji wa pili, jedwali lilitoa: salama 120 FIT, λDD 275, λDU 80. Jumla 475. Sehemu ya hitilafu isiyo ya kutisha, ambayo kiwango huiita SFF, ni salama pamoja na λDD, gawanya kwa jumla: 395 ÷ 475 = asilimia 83.2.

Kifaa chenye mikrokontrola ni cha aina B, yaani tata; aina A ni vifaa sahili ambavyo namna zake za kuharibika zinajulikana zote. Kwa aina B isiyo na njia ya akiba, SFF ya asilimia 60 hadi chini ya 90 inakupa SIL 1 tu. Ukitaka SIL 2 lazima ufike 90.

Usomaji wa pili unakagua mnyororo wote wa kutoa mkondo, si rizista peke yake. Tuseme umehamisha FIT 35 kutoka kapu la λDU kwenda λDD. Sasa: 120 + 310 = 430, gawanya kwa 475, asilimia 90.5. Umepita, kwa kubana.

Sasa PFDavg. Kwa njia moja, makadirio ni λDU zidisha nusu ya muda kati ya upimaji mmoja wa uthibitisho (kukijaribu kifaa ili kufichua hitilafu zilizojificha) na mwingine. Ukipimwa kila mwaka, saa 8,760:

45 × 10⁻⁹ × 4,380 = 0.000197.

Hapo watu hushangilia, maana namba hiyo imo kwenye safu ya SIL 3. Msishangilie. Madaraja yanaangaliwa kwa milango mitatu: PFDavg, muundo (ndiyo ile SFF), na ubora wa mchakato wa utengenezaji unaoitwa uwezo wa kimfumo. Daraja lako ni la mlango ulio chini kuliko yote. Isitoshe, 0.000197 ni sehemu ya mnyororo tu. Kuna PLC (kompyuta ya kudhibiti mitambo), kuna valvu, na valvu ndiyo hula sehemu kubwa ya bajeti.

Makosa ninayokutana nayo kila mara: kujipa asilimia 99 ya ugunduzi bila kutaja mbinu iliyo kwenye majedwali ya sehemu ya 2, kuweka kapu la "isiyo na athari" kila kipuri kisichoeleweka, funika kombe mwanaharamu apite, na kufanya FMEDA kwa toleo la bodi ambalo halitengenezwi tena.

Utajua umemaliza pale mhakiki wenu akichagua mistari ishirini bila kukuuliza na kila mmoja ukaweza kuutetea kwa mchoro.

## Hatua ya 5: Programu

Programu haiozi wala haichakai, kwa hiyo haina FIT. Makosa yake ni ya kimfumo, na dawa yake ni nidhamu. Sehemu ya 3 ina majedwali ya mbinu zilizopendekezwa kwa kila daraja. Kwa SIL 2, zile zenye alama HR (inapendekezwa sana) zifanyike, au uandike kwa nini umeacha na umeweka nini badala yake.

Kwa lugha ya mtaani ni hivi: kila takwa lina namba, kila namba ina kipande cha msimbo, kila kipande kina jaribio. Tumia kanuni za uandishi kama MISRA C na programu ya kuchambua msimbo. Usiombe kumbukumbu wakati kifaa kinaendelea na kazi. Tenga yote mwanzoni. Majaribio yapite kila sentensi ya msimbo. Kompaila nayo ni zana ya daraja T3, yaani kosa lake laweza kuingia ndani ya kifaa moja kwa moja, hivyo chagua toleo moja, liandike, usilipandishe katikati ya mradi kwa sababu limetoka jipya.

Anza na ufuatiliaji wa namba siku ya kwanza. Kuurudishia baadaye kwenye msimbo wa mistari elfu kumi ni adhabu. Nimeifanya mara moja, sirudii.

## Hatua ya 6: Majaribio

Majaribio ya joto, unyevu na mtikisiko hufuata mfululizo wa IEC 60068. Ya mwingiliano wa sumaku-umeme yafuate IEC 61326-3-1, ambayo ni makali kuliko ya vifaa vya kawaida. Mwambie maabara hivyo kabla ya kulipa.

Kisha kuna jaribio la kuchomekea hitilafu makusudi. Chukua mistari ya FMEDA mliyodai inagundulika, mkaiharibu kweli: kata waya, unganisha miguu ya kapasita, badilisha thamani kwenye kumbukumbu. Kwa rizista yetu, ng'oa, weka yenye thamani maradufu, agiza 16 mA, washa saa. Mkondo ushuke hadi 3.6 mA ndani ya zile sekunde 10. Ikichukua 14, sentensi ya hatua ya 1 imevunjwa, hata kama hitilafu imegundulika.

Rekodi namba ya bodi, toleo la programu na tarehe kwa kila jaribio. Matokeo yasiyo na toleo ni hadithi.

## Hatua ya 7: Mwongozo wa usalama kwa mtumiaji

Sehemu ya 2, kiambatisho D, inaeleza yatakayokuwamo. Wengi huandika hii usiku wa mwisho, na ndiyo nyaraka pekee ambayo fundi wa ghalani ataiona.

Tarehe 11 Desemba 2005, tenki namba 912 kwenye ghala la Buncefield, Uingereza, lilifurika petroli. Kipimo cha kiwango kilikuwa kimekwama. Kulikuwa na swichi huru ya kiwango cha juu, ila ilikuwa na wenzo wa kupimia uliohitaji kufuli ili ubaki kwenye nafasi ya kazi. Kufuli halikuwekwa, na waliohusika hawakuwa wameelewa kwamba bila kufuli hilo swichi haifanyi kazi. Wingu la mvuke lililipuka alfajiri na zaidi ya watu 40 waliumia. Mafundi walioiweka swichi hiyo waliliona kufuli kama la kuzuia wachokozi.

Basi mwongozo wako useme wazi: kazi ya usalama na mipaka yake, namba za λ zote, muda wa maisha, mipangilio inayotakiwa, pamoja na PLC kuwekwa isome 3.6 na 21 mA kama hitilafu (bila hiyo λDD zako zote zinageuka λDU). Na namna ya kufanya upimaji wa uthibitisho, hatua kwa hatua, hadi kurudisha kifaa kazini. Kila kipande ambacho kisipofungwa kinaua kazi ya usalama, kipe mstari wake wa onyo na sababu yake.

Kipimo cha kufaulu: mpe fundi ambaye hajawahi kukiona kifaa, mwache apime na kurudisha, wewe kaa kimya. Akiuliza swali, mwongozo una pengo.

## Hatua ya 8: Tathmini, kisha kukisoma cheti

Mkaguzi atapita kwenye faili, atatembelea mahali mnapofanyia kazi, atahoji watu. Atatoa orodha ya upungufu. Hilo si kushindwa. Kila mtu hupewa. Jibu kila kipengele kwa ushahidi, usijibu kwa barua ndefu.

Cheti kikija, soma kabla ya kupiga nacho picha. Angalia toleo la bodi na la programu, kazi ya usalama iliyothibitishwa, aina A au B, uwezo wa kimfumo, namba ya ripoti na tarehe ya mwisho. Kisha muwaonye watu wa mauzo: transmita inafaa kutumika kwenye mfumo wa SIL 2, lakini haiufanyi mfumo kuwa SIL 2. Hiyo ni hesabu ya mwenye ghala, chini ya IEC 61511, akijumlisha transmita, PLC na valvu.

## Hatua ya 9: Siku kapasita itakapoadimika

Itatokea. Mtu wa manunuzi atakuta kapasita C7 haipatikani, atanunua nyingine "inayofanana kabisa". Bodi inabaki ile ile kwa macho, ila si ile iliyo kwenye cheti.

Weka utaratibu huu, na mtu wa manunuzi autie saini pia: hakuna kipuri kwenye orodha ya usalama kinachobadilishwa bila uchambuzi wa athari. Uchambuzi ni ukurasa mmoja. Kipuri gani, kwa nini, mistari gani ya FMEDA inaguswa, λDU inabadilika kwa kiasi gani, jaribio gani linarudiwa, cheti kinahitaji kusasishwa au la. Kumbuka mfano wetu umepita kwa asilimia 90.5, FIT 3 tu zikihama kutoka λDD kwenda λDU, unakuwa 427 ÷ 475, asilimia 89.9, na umerudi SIL 1. Mjulishe mkaguzi kabla ya kusafirisha shehena ya kwanza yenye C7 mpya.